Andika Lolote, Nakuamini

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka lile la vifaa vya umeme huwa halina pa kuweka mguu. Wanaonunua ni wachache. Wengi wamekuja kula kwa macho, kubonyezabonyeza vitu wasivyokusudia kuvinunua, na kufaidi ubaridi wa bure wa kiyoyozi. Siku hiyo muziki ulikuwa juu, watoto walikuwa wakigombania kiti cha kukanda mgongo, na kwenye kaunta ya laptop za bei mbaya alisimama kijana mmoja aliyefumba macho na kuinama mpaka sikio lake likakaribia kugusa vitufe.

Alivaa shati la kitani rangi ya udongo, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, na suruali nyeusi iliyopigwa pasi na mtu mwenye subira. Muuzaji wa kaunta ile alimtazama kwa kitambo. Wenzake walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, hivyo kule kukaa kimya tu, amesimama na sare yake ya bluu na kitambaa cha kufutia vioo mkononi, kulikuwa habari ya kusimuliwa.

“Kaka, hiyo ni laptop,” alisema mwishowe. “Siyo mgonjwa. Haina haja ya kupimwa mapigo ya moyo.”

Kijana hakufumbua macho. “Subiri kidogo. Mvua inanyesha humu.”

Na kweli, kwenye filamu ya maonyesho iliyokuwa ikicheza, mvua ilikuwa inanyesha juu ya paa la bati.

“Tone moja limeanguka nyuma yangu,” alisema, sasa akimtazama. “Nyuma yangu, dada. Na spika ziko mbele.”

“Ndiyo maana bei yake inauma.”

“Inauma sana. Wenyewe walioinunua wanasemaje?”

Hapo alimgusa Chiriku penye utaalamu wake. Duka lilikuwa na utaratibu: kila aliyenunua kifaa cha bei kubwa alipigiwa simu baada ya muda na kuombwa maoni, na maoni hayo yalipandishwa kwenye ukurasa wa duka mtandaoni na kwenye kioo kikubwa kilichoning’inia juu ya kaunta. Aliyeudhika alitoa nyota moja, aliyeridhika alitoa tano. Chiriku alimwonyesha kwa kidole.

“Huyu ni daktari wa meno. Anasema picha zake ni safi, ameacha kabisa kwenda sinema. Huyu ni mama wa watoto wanne. Anasema tangu ainunue, mumewe hatoki jioni.”

“Hiyo ni sifa au malalamiko?”

“Ametoa nyota tano.”

Kijana alicheka. “Na wewe? Ungekuwa mwenye nayo, ungesemaje?”

Chiriku aliangalia kushoto, akaangalia kulia, meneja hayuko karibu. Akainama juu ya kaunta. “Ukiipakata mapaja yataiva. Feni yake ikianza kazi utadhani inataka kuruka. Chaja ni nzito kama tofali. Lakini ukizima taa ukafungua filamu, utaisamehe yote.”

“Basi umeniuzia.”

“Nimekukatisha tamaa.”

“Ndiyo hivyo, umeniuzia. Tangu asubuhi nazunguka madukani, wewe ndiye wa kwanza kunitajia ubaya wa kitu unachouza.”

Alipigwa picha amekumbatia boksi, kama walivyopigwa wanunuzi wote wa pale, akaacha namba yake ya simu, akaondoka. Shingo ya Chiriku ilimsindikiza mpaka mlangoni, na mwenzake wa kaunta ya simu akamfinya kiunoni ili arudi kazini.

Muda wa kuomba maoni ulipofika, Chiriku alipiga simu kwa sauti ya kazi.

“Habari za leo. Nakupigia kutoka dukani. Tungependa kujua maoni yako kuhusu laptop uliyonunua.”

“Mbona unaongea kama tangazo la uwanja wa ndege?”

“Ndivyo tulivyofundishwa.”

“Basi andika hivi: imeniunguza mapaja kama nilivyoahidiwa.”

Siku hiyo alijua kazi yake. Kijana huyo alikuwa akiingiza sauti kwenye filamu za kigeni ili watu wa kwao wazielewe, na mtaani walimwita Mkalimani. Peke yake, ndani ya kichumba kilichozibwa magodoro ukutani, alikuwa jambazi, polisi, mke wa polisi na mbwa wa polisi. Chiriku alitaka kumsikia mbwa. Mkalimani akambwekea kwenye simu, na wateja wawili wakageuka kumtazama huyu muuzaji anayecheka mpaka ameegemea friji.

“Hujaniambia nyota ngapi,” alisema alipopata pumzi.

“Nyota sitoi kwa simu. Jumapili unakula wapi?”

Simu ile ya kwanza ilikuwa ya kazi. Ya pili, siku iliyofuata, Chiriku hakutumwa na mtu. Baada ya hapo zikawa hazihesabiki. Aliongea naye akisubiri maji yachemke, akipiga pasi, akipaka rangi kucha, simu ameibana kwa bega. Jumapili ile walikula, na Jumapili zilizofuata pia. Alimwita laazizi mbele za watu bila kuona haya. Mkalimani alimwita muuzaji wangu, kwa sauti ya jambazi akiwa na furaha na kwa sauti yake mwenyewe akiwa amechoka. Damu zao zilikuwa zimepatana, hilo hata mwenzake wa kaunta ya simu, ambaye hakumpenda mtu kirahisi, alilikubali.

Ikafika siku ya kupelekwa nyumbani. Chiriku alivaa gauni la kijani lenye vifungo mbele, hereni ndogo, viatu vya kisigino kifupi alivyoviazima kwa dada wa jirani. Mama yake Mkalimani, mwalimu mstaafu, alimpokea akiwa ameketi wima kwenye kiti cha mkono, nywele zimesukwa vizuri, miwani machoni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, binti. Karibu. Umependeza na hilo vazi lako.”

Chiriku alinyoosha mkono. Mkono wa Mama nao ulinyooka, ila ulipita pembeni kidogo, ukasimama hewani ukingoja. Mkalimani aliikutanisha mikono ile miwili kwa wepesi wa mtu aliyezoea.

Jioni aliweka laptop juu ya stuli, akapunguza mwanga, akafungua filamu ya kigeni. Sauti ilijaa chumba kizima. Mama aligeuza uso wake dirishani, kwenye pazia, akatulia huku akitabasamu. Mkalimani aliketi chini karibu na goti lake na kumsimulia kwa sauti ya chini kila kilichoonekana.

“Sasa amevua kofia. Amesimama mlangoni. Mkewe amemwona, lakini anaendelea kukunja nguo.”

“Amekasirika huyo,” alisema Mama, akilitazama pazia.

“Amekasirika, Mama. Sasa ameliangusha shati.”

Chiriku alimwona Mkalimani akiinamisha kichwa na kufuta macho kwa bega la shati lake, sauti haijatetereka. Naye Chiriku akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Walipotoka getini ndipo Mkalimani alipomwambia. “Macho yake yameisha. Daktari alisema zamani. Mimi ananiambia anaona vivuli, lakini hata kivuli haoni tena.”

“Kwa nini humgeuzi aelekee kwenye picha?”

“Sauti imejaa kila pembe, hajui inatoka wapi. Anadhani picha iko kule. Nikimgeuza nitakuwa nimemwambia kwamba najua.” Alikuna kidole gumba chake kama anayekuna doa. “Dada yangu mkubwa hana habari. Siku akijua atakuja kumchukua siku hiyo hiyo, na Mama amesema akitolewa kwenye nyumba yake kama mzigo, hataweza kuishi. Hii nyumba anaijua kwa mikono. Wewe ni mtu wa kwanza kuambiwa.”

“Sitamwambia mtu.”

“Najua,” alisema Mkalimani, na hakuna neno alilowahi kumwambia lililompendeza zaidi.

Tatizo lilianzia dukani. Laptop ya aina ile ilianza kulala bila mnunuzi. Bei ilikuwa ileile, waliokuja waliigusa wakaenda zao, na meneja, mtu wa tai na marashi mengi, alisimama chini ya kile kioo kikubwa na kukitazama kama anayetazama ukuta wenye ufa.

“Haya maoni yamechacha,” alisema. “Picha safi, sauti safi, kila mtu safi. Nani atatoa hela yake kwa usafi? Nataka kitu cha kumgusa mtu moyo. Ukinipatia kabla ya Ijumaa, kaunta itabaki yako. La sivyo, nitampa mwingine na wewe utarudi stoo kubandika bei.”

Stoo Chiriku aliijua. Alikaa huko mwaka wake wa kwanza, hana wa kuongea naye isipokuwa maboksi, na kwa mtu wa mdomo kama wake ilikuwa jela. Alianza kupiga simu kwa wateja. Wengi hupenda kusifu lakini hawapendi kuandika, kwa hiyo ilikuwa kawaida yake kuwasikiliza, kuwaandikia kwa maneno yake, kisha kuwasomea ili wakubali. Siku hiyo waliompa kitu walimpa yaleyale ya usafi. Mwishowe akampigia Mkalimani.

“Laazizi, nimebanwa. Nahitaji maoni yako juu ya ile laptop.”

“Andika lolote, nakuamini.”

“Nikuandikie kisha nikusomee?”

“Unisomee ya nini? Nimeshakuamini. Nina jambazi hapa ameshapigwa risasi, anasubiri mimi nimfie.” Akakata simu, akaenda kufa.

Chiriku alianza na picha safi, akafuta. Akaandika juu ya feni, akafuta. Halafu akaandika alichokiona kwa macho yake, kwa sauti ya Mkalimani, na vidole havikusita hata mara moja:

“Mama yangu haoni tena. Jioni namwekea filamu na kumsimulia picha. Sauti ya laptop hii inajaa chumba kizima, hata hajui inatoka wapi. Hutazama dirishani huku anatabasamu, nami simgeuzi. Machozi nayafuta kwa bega. Nyota tano.”

Tusidanganyane. Aliandika kwa mapenzi, na machozi yalimtoka akiandika. Lakini pia aliandika akijua kwamba yatauza, na aliyajua hayo yote mawili kwa wakati mmoja. Mahali pa jina aliweka “mteja wetu”, akajiambia kwamba aliyeficha jina ameficha siri. Tena kwa kuwa alikuwa amelia, aliona hawezi kuwa anafanya ubaya. Ni kosa la watu wanaoandikia wengine maneno mpaka wakasahau ni ya nani.

Kesho yake alikuwa na mapumziko. Meneja aliyasoma maoni yale, akayasoma tena, akaenda kwenye orodha ya wanunuzi akamtafuta mwenyewe kwa namba ya simu iliyoambatana nayo. Kwake yeye maoni bila sura hayauzi. Akatoa ile picha ya kijana mwenye shati la kitani amekumbatia boksi, akaiweka juu kabisa, na jina lake kamili chini.

Chiriku alipoingia kazini alikuta watu wamekusanyika chini ya kioo. Mama mmoja alikuwa akijifuta macho kwa leso. Laptop mbili zilikuwa zimeshatoka na ya tatu ilikuwa inafungwa.

“Yaondoe,” alimwambia meneja. “Hukuniuliza. Huyo mtu hakutaka kujulikana.”

“Yameshasambaa kwenye simu za mji mzima, nitaondoa nini? Kwanza, si alikuambia uandike? Umefanya kazi nzuri, binti, usijiharibie.”

Hapo ndipo alipotakiwa kumpigia Mkalimani. Hakupiga. Alijiambia mambo kama haya hayasemwi kwa simu, kwamba jioni angemfuata amweleze uso kwa uso. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Dada mkubwa hakungoja jioni. Alikuwa kazini alipotumiwa maoni yale na rafiki yake, na chini ya yale maneno mazuri aliona sura ya mdogo wake. Aliendesha gari mpaka kwa mama yao, akaingia na viatu, akasimama katikati ya sebule.

“Mama, nimevaa nguo ya rangi gani?”

Mama alinyoosha mkono, akapapasa hewa.

Dada hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetishika, na mtu wa namna hiyo huumiza bila kukusudia. Alimsomea mama yake maoni yale kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye dirisha, mpaka kwenye machozi, mpaka kwenye nyota tano. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Alipomaliza, Mama aliuliza kitu kimoja tu: dirisha liko upande gani wa picha. Kisha akakubali kufungiwa nguo zake.

Simu ya Mkalimani ilimkuta Chiriku kwenye ngazi za nyuma za duka.

“Mama ameondoka,” alisema. Hakutumia sauti ya mtu yeyote.

“Mpenzi, nisikilize. Jina sikuliweka mimi. Meneja ndiye...”

“Maneno ni ya meneja?”

“Hapana.”

“Dirisha alilijuaje meneja? Bega langu alilionea wapi?”

“Ni mimi niliyeandika. Uliniambia niandike lolote.”

“Lolote. Nilidhani utaandika kuhusu chaja.” Alivuta pumzi. “Niambie kitu kimoja, muuzaji. Simu yako ya kwanza ilikuwa ya kazi?”

“Ya kwanza, ndiyo.”

“Na ya pili?”

“Ya pili ilikuwa yangu mwenyewe. Na zote zilizofuata. Naapa.”

“Nitajuaje? Kila nilichokuwa nakuambia ulikuwa unasikia nini, mimi au mteja? Nilikupa kitu ambacho hata ndugu yangu wa damu sikumpa, ukakipandisha kwenye kioo juu ya kaunta, watu wakalia, wakatoa pochi.”

“Nilikuwa nakupenda wakati naandika.”

“Hilo ndilo linaloniumiza,” alisema Mkalimani, akakata.

Na yeye alikuwa na hasira, na alikuwa mtu wa maneno. Kabla jua halijazama alifungua ukurasa wa duka na kuandika maoni yake mwenyewe, ya kwanza kabisa kuandikwa na mkono wake: “Laptop haina kosa. Jihadharini na aliyeniuzia. Ana sikio pana na mdomo usio na mlango, na ukimpenda atakuuza wewe pia. Nyota moja.” Watu walicheka sana. Waliongezea vichekesho chini yake, wengine wakamtaja Chiriku kwa jina lake la nyumbani, na meneja, ambaye jana alimsifu, alimrudisha stoo kwa kusema wateja sasa wanakuja kumtazama yeye badala ya bidhaa.

Chiriku alikaa stoo akibandika bei. Chakula kilimshinda. Kila simu iliyoita ilimwinua, kila mara alikuta ni mtu mwingine. Kioo kule nje kiliendelea kumwonyesha Mkalimani na boksi lake, na kila alipopita chini yake alijiona mwizi anayepita mbele ya nyumba aliyoivunja. Asubuhi moja, meneja alipokwenda benki, Chiriku alikwenda kwenye kompyuta ya kaunta, akafuta maoni yale na picha. Kisha akaandika: “Maoni yaliyokuwa hapa hayakuandikwa na mwenye laptop. Niliyaandika mimi, muuzaji, kwa siri niliyopewa kama mpenzi. Na mengine mengi mnayoyasoma hapa ni maneno yangu.” Akaweka jina lake kamili. Saa ya chakula cha mchana alikuwa nje na mfuko wa nguo zake za kazi, hana kazi, na hakujuta.

Aliona kuna mtu mmoja ambaye hajamwomba radhi, na huyo ndiye alikuwa ameumizwa zaidi ya wote.

Dada aliishi ghorofa ya nne. Alipofungua mlango na Chiriku kujitambulisha, alimtazama kuanzia viatu hadi nywele.

“Wewe ndiye mwandishi.”

“Ndiye mimi. Naomba kumwona Mama. Akikataa nitaondoka.”

Sauti ya Mama ilitokea ndani. “Mruhusu aingie. Nimemjua kwa sauti. Sikia anavyohema, hajazoea ngazi.”

Mama alikuwa ameketi kwenye kochi laini lililommeza nusu, mbele ya televisheni kubwa iliyokuwa ikipiga kelele peke yake. Hakuvaa miwani. Chiriku alipiga magoti miguuni pake, maneno aliyoyapanga njia nzima yakamtoroka yote.

“Mama, nisamehe. Sikuwa na haki.”

“Hukuwa na haki,” alikubali Mama. “Nimefundisha watoto miaka mingi. Anayeiba kalamu hurudisha kalamu. Wewe utarudisha nini?”

“Sijui, Mama.”

“Angalau hujanidanganya.” Mama alipapasa mpaka akapata bega lake, akauacha mkono hapo. “Unajua kilichonichoma ni nini? Siyo mji kujua. Mji utanifanya nini? Ni kwamba mwanangu alikuwa analia pale miguuni pangu, jioni baada ya jioni, na mimi nacheka na pazia. Ilibidi nikajulie kwenye tangazo la duka.”

Mlango wa mbele ulifunguka. Mkalimani alikuwa amekuja, kama alivyokuja kila siku tangu Mama ahamishwe, na mfuko wa matunda mkononi. Alikuwa amekonda, shati lile la kitani halikupigwa pasi. Alimwona Chiriku sakafuni, akasimama.

“Nani kamleta huyu?”

“Kajileta,” alisema Mama. “Kaa chini, nina neno na wewe. Kwa nini hukunigeuza?”

Mkalimani alitoa tunda moja mfukoni, akaliweka mezani, akaliondoa, akaliweka tena. “Ulikuwa na furaha, Mama.”

“Nilikuwa na furaha kama mjinga.”

“Na wewe kwa nini uliniambia unaona vivuli?”

“Ili ulale.”

Televisheni iliendelea kupiga kelele. Dada, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi, aliizima. Kisha akaketi kwenye mkono wa kochi na kulia, kwa sababu hakuna aliyemwona kuwa anafaa kuambiwa, na sasa alijua ni kwa nini.

“Basi mimi na wewe ni waongo,” alisema Mama, “na huyu binti ni mropokaji, na huyu mwingine ana mabavu. Nimechoka kulindwa. Nataka kurudi kwangu. Nitatafutiwa fimbo, nitatafutiwa mtu wa kushinda naye mchana, na dada yako atakuja kunikagua akitaka, kama mkaguzi wa shule. Lakini filamu sitaki tena. Usinisimulie kitu kwa sasa, mwanangu. Nitakapotaka nitasema.”

Mkalimani alikubali kwa kichwa, kisha akakumbuka, akasema, “Sawa, Mama.” Saa ya filamu ndiyo aliyoipenda kuliko zote katika siku yake, na hakujua kama ingerudi.

Chiriku aliaga. Alikuwa ameshashuka ghorofa mbili aliposikia viatu nyuma yake.

“Nimesikia umefukuzwa kazi.”

“Nimejifukuza.”

Walishuka ngazi wakiwa pamoja, yeye upande wa ukuta, Mkalimani upande wa nguzo.

“Yale niliyoandika nimeyafuta,” alisema Mkalimani. “Yalikuwa ya hasira.”

“Yalikuwa na ukweli ndani yake.”

“Yalikuwa na ukweli. Lakini nilitaka uchekwe, na ulichekwa. Hilo halikunipendeza hata siku ile.” Walifika chini, kwenye mlango wa jengo, magari yakipita. Hakwenda zaidi. “Nakupenda, hilo halijaondoka. Nimejaribu kuliondoa, limekataa. Tatizo ni kwamba nikifikiria kukupigia, najikuta nachagua maneno. Nakaa na simu mkononi nikijiuliza, hili nikilisema litakwenda wapi? Sijawahi kuwa hivyo na wewe.”

Ilimuuma Chiriku kuliko ile nyota moja. Alitaka kujitetea, aseme amebadilika, aape tena kwa chochote kinachoapiwa. Maneno yalimjaa mdomoni kama kawaida yake, akayameza yote.

“Sitakuomba uniamini,” alisema. “Nitakuomba unipigie tu.”

Mkalimani alitazama barabara. Mtu wa kuosha magari alikuwa akimwaga ndoo yake ya mwisho.

“Kesho nitapiga,” alisema. “Ila sitakuambia kitu chochote cha maana. Tutaongea upuuzi.”

“Nitausikiliza.”

“Foleni. Joto. Bei ya viatu.”

“Naupenda upuuzi. Mpaka lini?”

“Mpaka nijisahau,” alisema Mkalimani, akageuka kupanda ngazi kwa mama yake.